Pampu Ikishanyamaza

Fundi aliyekuja kutengeneza friza ya duka la mama, Tanga, aliwasha pampu ya kuvuta hewa saa 4 asubuhi, akavuta kigoda, akaketi. Ikapita nusu saa. Mama akashindwa kujizuia: "Mwanangu, mbona hujazi gesi?"

"Bado nakausha, mama. Humu ndani mna maji."

Mama akainama kuchungulia mabomba ya shaba. Makavu kabisa.

Maji yenyewe ni unyevu wa hewa yetu ya pwani, ule ule unaoifanya chumvi ishikane koponi. Mfumo ukitoboka, unaingia. Tone dogo likigandia kwenye kapilari, mrija wenye tundu jembamba kama sindano, friza haigandishi tena. Likichanganyika na oili huzaa asidi, nayo hutafuna nyaya za mota ya kompresa polepole. Nani atapenyeza kitambaa humo?

Hapo ndipo ufundi huu unaponivutia mno: maji huchemshwa pasipo moto. Yanangoja nyuzi 100 kwa sababu tu hewa imeyakalia. Mwanasayansi Torricelli aliupima uzito huo wa hewa huko Italia mwaka 1643, akaona unatosha kusimamisha zebaki kimo cha milimita 760 hivi. Upunguze hadi milimita 24, na maji yatachemka kwa nyuzi 25, joto la kivulini. Fundi hasimami hapo. Hushuka hadi nusu milimita, wenyewe huiita mikroni 500, ili hata unyevu uliojibanza kwenye oili utoke.

Geji ya kawaida haioni huko. Mshale wake hulala chini dakika chache baada ya pampu kuwaka, na mwenye haraka hudhani amemaliza. Aliyemtangulia huyu alifanya hivyo. Friza ikafa baada ya mwezi. Huyu alikuja na geji ya namba.

Ilipofika 480 akafunga valvu, akazima pampu. Kimya. Kwangu mimi kazi yenyewe huanzia hapa, maana pampu yenye nguvu huweza kulificha tundu. Namba zikipanda kisha zikatulia, ni unyevu. Zikipanda bila kukoma, panavuja. Zilipanda: 700, 1,500, 4,000. Hakusonya. Alijaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni kila kiungo, na nyuma ya kompresa kikachomoza kipovu kimoja, kidogo kama mbegu ya papai.

Viwandani matundu husakwa kwa heliamu, gesi yenye chembe ndogo mno, na chombo cha kuinusa. Alfred Nier na wenzake walikiunda Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya mitambo ya urani. Urani nyingi ilitoka Shinkolobwe, Katanga, na mwisho wake ulikuwa bomu, hilo silisifu. Naisifu ile subira ya kukagua kiungo baada ya kiungo.

Fundi alichomelea, akabadilisha draya, kile kichujio cha kunyonya unyevu, akawasha pampu tena. Alasiri akamwita mama kwenye kidirisha cha pampu. Oili iliyoingia ikiwa angavu ilikuwa nyeupe kama tui.

"Maji yako haya, mama."

Akaimwaga, akatia nyingine, akaendelea kuvuta. Jioni alifunga valvu namba ikiwa 350. Ikapanda 380, 400, 410. Ikasimama. Mama alikuwa ameshavuta kigoda chake, ameketi kando yake, anaitazama.