Ngazi Iliyo Ndani ya Sanduku

Kila anayepiga video ya vifaranga wa bata mwitu wakitoka kwenye sanduku la kutagia huielekeza kamera kwenye tundu, kwa nje. Kifaranga anachungulia, ananyoosha vijibawa visivyo na unyoya hata mmoja wa kurukia, kisha anajitupa, na sisi watazamaji tunashika vichwa. Mwaka huu nilikaa asubuhi nzima sebuleni kwa jirani yangu hapa Minnesota, mzee mmoja mstaafu ambaye kamera yake imefungwa ndani ya sanduku, chini ya kifuniko. Niliondoka nikiamini kwamba siku zote tumekuwa tukitazama upande usio na habari. Kuruka ni rahisi. Kazi ni kulifikia tundu, na kazi hiyo ilianza mwezi mmoja na nusu kabla.

Ndege mwenyewe ni Aix sponsa, bata wa Amerika Kaskazini anayetaga ndani ya mashimo ya miti. Sponsa kwa Kilatini ni mchumba wa kike, ingawa aliyevaa nguo za harusi hapa ni dume, mwenye kichwa cha kijani kinachong'aa na macho mekundu. Jike ni kahawia na kijivu, kama inavyompasa anayekaa gizani na mayai. Hana uwezo wa kuchimba shimo lake. Hutegemea tawi lililooza, au makao aliyoyaacha kigogota mkubwa. Ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 20, miti mikubwa ya kando ya mito ilipofyekwa, vinamasi vikakaushwa na bunduki zikalia kila msimu, alikaribia kutoweka. Baada ya sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918, uwindaji wake ulifungwa nchini Marekani, ukaja kufunguliwa tena kwa kiasi mwaka 1941. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 1937, mamia ya masanduku yalitundikwa jimboni Illinois, na miongoni mwa watafiti walioisimamia kazi hiyo walikuwamo Arthur Hawkins na Frank Bellrose. Si sanduku peke yake lililomwokoa bata huyu. Sheria na miti iliyoota upya vilifanya zaidi. Lakini sanduku ndilo lililompa mtu wa kawaida nafasi ya kusaidia.

Mrina asali wa Tabora angeelewa wazo hili bila kufundishwa: mtengenezee kiumbe pango zuri, ulitundike mahali panapofaa, atakuja mwenyewe.

Tuliangalie sanduku. Sakafu ina sentimita 25 kwa 25 hivi, kimo kama sentimita 60. Tundu halikukatwa duara; lina umbo la yai lililolazwa, sentimita 10 kwa upana na saba na nusu kwa kwenda juu. Vipimo hivyo vina sababu. Bata anapita, lakini rakuni mzima, mnyama yule mwenye barakoa usoni na vidole vya mwizi, hupata shida kupenyeza kiwiliwili. Kwa kuwa hata mkono wake tu unatosha kuleta msiba, nguzo ni ya chuma na imevishwa bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Anayepanda hukwama chini ya bati hilo. Sanduku lisilo na kinga hii, kwa maoni yangu, ni bora lisiwekwe kabisa, maana linakuwa kabati la chakula cha rakuni.

Ndani kuna maranda, kina cha sentimita 10 hivi. Bata huyu haleti jani wala kijiti. Kitu pekee anachokiongeza ni manyoya laini anayojinyofoa kifuani. Kwa hiyo usipoweka maranda, mayai yatagongana juu ya ubao mtupu. Nasisitiza maranda, yale yanayotoka kwenye randa. Vumbi la msumeno hushika maji na kuganda.

Sasa tufike kwenye ngazi. Toka juu ya maranda mpaka ukingo wa tundu kuna ukuta wa kama sentimita 30 na kitu, mara kadhaa ya urefu wa kifaranga. Ndani ya mti uliooza ukuta ni mbaya, una nyuzi na mikwaruzo ya kushika. Ndani ya sanduku ukuta ni kazi ya fundi, na hapo ndipo mafundi wazuri wanapokosea. Mzee aliniambia sanduku lake la kwanza alilitengeneza kwa mbao alizozipiga randa pande zote mpaka zikateleza kama meza ya sebuleni. Mama alitoka, akaita, akaita tena. Vifaranga waliruka-ruka kwenye ukuta ule, wakaanguka, wakachoka. Aliwakuta humo. Uzuri wa useremala wake ndio uliowaua. Siku hizi ubao wa mbele haupigwi randa kwa ndani, na juu yake amepigilia kipande cha wavu wa waya kutoka chini hadi tundu, ncha zote zimekunjwa zisichome. Wengine hukata mifuo ya kupitana kwa msumeno, nayo inatosha.

Mama wa mwaka huu naye ana hesabu zake. Alitaga yai moja kwa siku, na siku zote hizo hakuyaatamia. Yai la kwanza lilikaa pale karibu wiki mbili bila kuanza safari. Mfugaji wa kuku wa kienyeji anaijua mbinu hii: ukianza kuatamia mayai yote pamoja, yataanguliwa pamoja. Kwa kuku ni urahisi tu, kwa sababu nyumba yake iko chini na kifaranga atakayechelewa atafuata kwa miguu. Kwa bata wa juu ya nguzo ni lazima, maana akishatoka na kundi harudi kumchukua aliyebaki.

Siku ya 30 hivi ya kuatamia, maikrofoni ya mzee ilianza kutoa sauti ambazo nisingeziamini kama asingeniongezea sauti ya spika. Vifaranga walikuwa wakilia ndani ya mayai, na mama akiwajibu kwa sauti ya chini. Mtafiti Gilbert Gottlieb alichapisha uchunguzi wake juu ya bata hawa hawa mwaka 1963. Baadaye, kwa bata wa aina nyingine, alionyesha kwamba kifaranga aliyezuiwa kusikia sauti yake na ya wenzake akiwa bado yaini hushindwa kuutambua vizuri mwito wa mama wa aina yake. Mafunzo ya kutoka, basi, huanza kabla ya ganda kupasuka.

Walianguliwa ndani ya siku moja. Usiku ule walilala chini ya mama bila kula, na hawakuhitaji chakula, kwa sababu mabaki ya kiini cha yai yanakuwa yameingia tumboni mwao. Wanapata muda wa kukauka na kupata nguvu miguuni. Asubuhi mama alikaa tunduni muda mrefu akikagua uwanja, akashuka chini, akaanza: kuk, kuk, kuk.

Kwenye skrini sanduku lilichemka kama sufuria ya mahindi ya bisi. Kila kifaranga alirukia wavu, akashika kwa kucha zake zenye ncha kali, akasukuma, akaruka tena. Wawili walianguka vichwani mwa wenzao. Dakika sita, kwa saa yangu, sanduku likawa tupu. Kule nje kulikuwa na mvua ya pamba. Kifaranga ana gramu 25 hivi, chini ya nusu ya yai la kuku. Ukipunguza urefu wa kiumbe kwa nusu, uzito wake hubaki moja ya nane lakini eneo linalopambana na hewa hubaki robo. Ndiyo maana kifaranga huyu huruka kutoka zaidi ya mita 15 na kuinuka akitembea.

Nina lawama moja kwa wenye masanduku. Wanapenda kuyapanga karibu karibu, mahali pa wazi, ili wayaone. Majike nao wanayaona, wanafuatana, na kila mmoja anaacha mayai yake kwa mwenzake. Matokeo ni mayai 30 na zaidi chini ya kifua kimoja kisichoweza kuyafunika, na mengi yanaoza. Watafiti Brad Semel na Paul Sherman walipendekeza zamani masanduku yatawanywe na yafichwe mitini, kama mashimo ya asili. Jirani yangu analo moja tu, nyuma ya mwaloni.

Alasiri tulilifungua. Mayai yalikuwa 13. Vifaranga 11 walikuwa wameshafika bwawani, na mayai mawili yalibaki mazima, baridi, chini ya manyoya. Mzee akamwaga maranda ya zamani, akauvuta wavu kwa kidole kuona kama umelegea, akajaza mapya.