"Deformity" kwa Kiswahili: Ulemavu, Kilema au Kuumbuka?

Wafasiri wetu wakikutana na neno la Kiingereza "deformity" huandika "ulemavu" mara moja, kisha wakaendelea na safari yao. Yaelekea hawajajiuliza kama maneno hayo mawili yanazungumzia jambo moja. Mtoto aliyezaliwa na vidole sita ana umbo lisilo la kawaida, lakini kazi ya mkono wake huenda isipungue hata kidogo. Kipofu naye ana ulemavu, hali umbo lake laweza kuwa halina ila yoyote. Isitoshe, tangu Katiba ya Kenya ya 2010 itaje haki za watu wenye ulemavu katika kifungu cha 54, neno hili limekuwa istilahi ya sheria. Halifai kubebeshwa mzigo wa pili.

Asili ya neno la Kiingereza ni Kilatini "forma", yaani umbo, ambalo lilimaanisha pia uzuri. Aliyepotoka umbo, basi, alihesabiwa tangu mwanzo kuwa ana sura mbaya, na kutoka ubaya wa sura hadi ubaya wa moyo si mbali. Shakespeare alimtwika Richard wa Tatu nundu mgongoni na mkono uliosinyaa ili watazamaji wausome uovu wake mwilini. Mifupa ya mfalme huyo, iliyofukuliwa Leicester mwaka 2012, ilionyesha uti wa mgongo uliopinda upande. Mkono haukuwa na hitilafu.

Je, Kiswahili ki safi? La hasha. "Ana kilema" na "yeye ni kilema" zasemwa zote mbili, na katika ya pili mtu amemezwa na ila yake. Tena tuna "umba" na kinyume chake "umbua". Leo asemaye kwamba fulani ameumbuka aghalabu hazungumzii mwili bali aibu. Hata hivyo, methali "Hujafa hujaumbika" yafuata njia nyingine kabisa: Kiingereza chadhani umbo lilikamilika, kisha likaharibika, ilhali methali yakana kwamba yuko aliye hai ambaye amekwisha kuumbwa.

Katika maandishi ya tiba, nashauri tutumie majina mahsusi tuliyo nayo, kama vile matege na kigosho, na "hitilafu ya umbo" panapohitajika neno la jumla. Fasihi ni jambo jingine. Anayemfasiri Richard kuwa "mtu mwenye ulemavu" amekuwa na adabu, lakini amemfutia Shakespeare hatia yake.