Kipimo, kipima na gari langu kuukuu

Juzi niliamua kuitia Datsun 1200 yangu kuukuu geji ya presha ya oili. Magari mengi ya umri wake yalikuja na taa nyekundu tu. Taa hiyo huwaka presha ikishashuka mno, aghalabu chini ya pauni tano hivi kwa inchi ya mraba. Yaani hutangaza msiba, haielezi ugonjwa.

Dukani niliomba "sensa ya oili". Nikapewa swichi. Muuzaji hakunidanganya, neno ndilo lililotudanganya sote wawili. Fundi, kijana wa makamo ya wanafunzi wangu, alikigeuzageuza kile kifaa akacheka: "Mwalimu, hii ni ya kuwasha taa. Haiwezi kukwambia presha ni ngapi."

Swichi inajua mambo mawili tu: kuwasha na kuzima. Nilichohitaji, ambacho mafundi hukiita senda, hubadilisha ukinzani wa umeme kadiri presha inavyopanda au kushuka, na geji huyasoma mabadiliko hayo. Fundi ana maneno mawili kwa vitu viwili. Sisi wasomi tunavisukumia katika moja, sensa, ambalo tayari lina kazi yake ya kuhesabu watu!

Wala si mzaha. Kuna senda ambazo ukinzani wake hupanda kutoka omu 10 hadi 180 presha inapoongezeka, na nyingine hushuka kutoka 240 hadi 33. Ukiioanisha geji na senda isiyo yake, mshale utakwenda kinyume: presha ikianguka, geji itakuonyesha neema. Injini itakufa huku ukitabasamu.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, naielekeza kwa neno kipimo. Tunalitumia kwa kiasi cha dawa, kwa uchunguzi wa malaria na kwa chombo chenyewe. Ilhali lugha imeshatuonyesha njia: kipimajoto na kipimapembe ni vyombo, hakuna anayebisha. Irabu -a inatosha kukitenga chombo na kiasi. Mbona basi tusiseme kipimashinikizo? Nililijaribu gereji. Hawakulicheka, ila hakuna aliyelirudia. Mtu aliyelala chini ya gari hana pumzi za silabi saba wakati geji ina mbili.

Na shinikizo la nini? Ukisema "la mafuta", kwenye injini za kisasa fundi atakuuliza: petroli au oili? Hapo neno la mkopo ni sahihi kuliko letu, na sioni aibu kulikubali. Kanieneo la vitabu vya fizikia ni zuri, lakini sijalisikia likitamkwa na mtu mwenye spana mkononi.

Senda ya pili niliyonunua ilikuwa na thredi 27 kwa inchi. Tundu la injini yangu ya Kijapani lina 28. Huingia kidogo, kisha huuma. Tukatafuta adapta, na kiungo cha T ili ile taa nyekundu ibaki kazini. Nilipotaka kuzungusha tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, kijana alinizuia: "Ukiijaza tepu, Mwalimu, itakosa athi. Inapitishia kwa mwili wake." Maelezo kamili ya mzunguko wa umeme, kwa Kiswahili, bila istilahi hata moja kutoka kwenye kamusi zangu. Wanaotunga istilahi wangeketi naye asubuhi moja kabla ya kuchapa orodha nyingine.