Maneno ya Chini ya Video

Nimeombwa uhakiki. Wengine watahakiki kitabu au filamu. Mimi nahakiki kitu ambacho hapa Kakuma tunakitazama kuliko kitabu chochote: video ya mauaji inayotumwa kwa WhatsApp, pamoja na maneno yanayoandikwa chini yake.

Kuna wanaosema mitandao ndiyo inazaa magaidi. Sikubali. Nchi ngapi vijana wako kwenye simu usiku kucha na hakuna anayelipua kitu? Lakini pia sikubali kwamba anayetuma tu hana kosa.

Angalia Westgate, Nairobi, Septemba 2013. Watu 67 waliuawa. Wengine wakiwa bado wamejificha ndani, Al-Shabaab walikuwa wanaandika kwenye Twitter. Akaunti ikifungwa, wanafungua nyingine. Na waliandika Kiingereza. Mbona si Kisomali wala Kiswahili? Naona walikuwa wanaongea na waandishi wa habari wa dunia nzima, ili maneno yao yabebwe na watu wengine.

Sasa nenda mbali, Christchurch, Nyuzilandi, 15 Machi 2019. Huyu alikuwa mtu mmoja, mbaguzi aliyechukia Waislamu na wahamiaji. Aliua watu 51 kwenye misikiti miwili, na akarusha mauaji moja kwa moja kwenye Facebook. Kampuni yenyewe ilisema waliotazama wakati ule ule hawakufika 200. Lakini katika saa 24 za kwanza iliondoa au kuzuia nakala milioni 1.5. Yeye alirusha mara moja. Zile zingine zilitumwa na watu. Wafuasi wake walikuwemo, lakini walikuwemo pia walioshtuka tu.

Hata anayepigana na magaidi anaweza kuteleza. Januari 2012 msemaji wa jeshi la Kenya aliweka Twitter picha za mtu aliyepigwa mawe, akasema Al-Shabaab wameua Mkenya juzi tu. Picha zilikuwa za mwaka 2009. Mtu aliyepigwa mawe alikuwa wa kweli, maneno ya chini ndiyo yalikuwa ya uongo.

Na mimi niliteleza. Nilitumiwa video, chini imeandikwa: “Beni, jana. Na wenzao tunaishi nao hapa hapa kambini.” Mimi ni mtoto wa Beni. Sikutazama hata nusu. Nilituma kwa vikundi vitatu, kimoja cha vijana ninaowaongoza. Jioni vijana wakaenda kupiga kelele na kurusha mawe kwenye duka la mzee Msomali ambaye hunikopesha sukari na unga. Alifunga siku mbili.

Usiku niliitazama vizuri. Mchanga ule si wa kwetu. Lugha si Kinande, si Kiswahili, si Kilingala. Hakuna hata mgomba mmoja.

Nilienda kumwomba msamaha. Akaniambia, “Kijana wangu, mimi nilikimbia hao hao. Wewe umeniletea mpaka mlangoni.”

Ndiyo uhakiki wangu wa kazi hii. Gaidi anataka jirani amwogope jirani, na peke yake hawezi. Tulikiona hicho mwaka 2015: baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, wakubwa walisema Dadaab ifungwe ndani ya miezi mitatu, kana kwamba kila mkimbizi ameshika bunduki.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: bango la “Usisambaze” halitoshi, tunapita mbele yake tukiwa tunasambaza. Tupeni nafasi na saa moja ya kusoma video pamoja. Siku hizi kwenye kikundi chetu tunafunika picha, tunabaki na maneno tu. Tunauliza: nani anaongea? Anaongea na nani? Anataka nimwogope nani? Kama jibu la mwisho ni jirani yangu, haitumwi.

Mzee alifungua siku ya tatu. Vijana wawili walimsaidia kugonga mabati. Nilikuwa nao, lakini bado naona aibu kukopa.