Stata Inapiga, Lori Haliwaki

Lori lilikuwa limelala Mamba Miamba, juu huko Upare ya Kusini, likiwa na magunia ya tangawizi ya kuwahi soko. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umefunika migomba, dereva alizungusha ufunguo. Stata ikapiga vizuri, injini ikazunguka, haikuwaka. Akarudia, akarudia tena, mpaka betri ikaanza kulalamika.

Alipofika fundi, mzee mmoja, kwa bodaboda kutoka Same mjini, dereva alikuwa ameshika usukani, anataka kuliachia lori literemke lenyewe kinyumenyume kisha atie gia. Mzee akamzuia kwa kiganja.

"Shuka, mwanangu. Injini imezima, upepo wa breki utautoa wapi? Na bonde lile unaliona."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jana lilizimika lenyewe au ulilizima?"

"Nililizima mwenyewe. Halikuwa na shida yoyote."

"Na kichwa kilitazama juu hivihivi?"

"Hivihivi, mzee."

Akatikisa kichwa kidogo, wala hakugusa spana. Alizunguka nyuma, akachuchumaa karibu na ekzosi, akamwambia utingo apige stata kwa kuhesabu hadi kumi. Yeye akatazama tu mdomo wa bomba.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi na saba ya ujazo wake, inapata joto la zaidi ya nyuzi 500, na dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Ekzosi ikitoa moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui: katafute baridi, mbano hafifu au taimingi iliyohama. Isipotoa moshi kabisa, dizeli haifiki. Yetu haikutoa hata unyuzi mmoja. Kwa sekunde kumi za kutazama, mzee alikuwa ameshaondoa nusu ya injini kwenye orodha ya washukiwa.

Nimeona gereji ambako wangekuwa tayari wamefungua pampu, wakazilaza nozeli zote juu ya gunia, na jioni mwenye gari ananunua vipuri ambavyo havikuwa na kosa.

Yeye alichovya kijiti kwenye tenki, dizeli ipo. Akahakikisha waya wa kuzimia umerudi mahali pake. Kisha akalegeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta na kuanza kupampu kwa kidole gumba. Likatoka povu. Akapampu tena, likatoka povu tena, jeupe kama la sabuni, halikomi. Upepo uliobaki tu ndani ya mfumo huisha. Huu ulikuwa unaingia upya. Na mahali unapoingilia hapaonekani kirahisi, maana kati ya tenki na pampu dizeli inavutwa, haisukumwi. Ufa wa huko haudondoshi tone chini. Unanyonya hewa kimyakimya, na usiku lori likiwa limeinua kichwa, dizeli yote inarudi tenkini.

Akaomba kidumu cha lita tano, akakijaza dizeli, akamkabidhi utingo akiinue juu ya pampu, na kuunga mpira wake mwenyewe. Akatoa upepo. Kisha akalegeza nati za nozeli kwa spana namba 17, akasubiri kila moja iteme, akakaza. Jambo hili ni la pampu za zamani tu. Kwenye injini za leo zenye kompyuta, dizeli hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na mtu hathubutu. Stata ikapiga mara mbili, lori likanguruma kwa dizeli ya kidumu. Basi kosa liko nyuma ya pampu.

Upare ni nchi ya mafundi chuma tangu kale. Kule Ugweno, upande wa kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na jina Mshana bado limejaa hapa. Nilimkumbuka mhunzi na mivukuto yake nilipomwona mzee akipapasa mpira wa dizeli taratibu, sentimita kwa sentimita, macho yake yakiwa kwingine kabisa. Chini ya klipu, mahali mpira ulipokauka kwa joto, kidole kikasimama. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Akakata kipande cha urefu wa kidole gumba, akarudisha, akakaza.

Lori likawaka. Dereva akapanda haraka, mzigo unachelewa. Mzee akamwambia alizime.

"Liache saa nzima, kichwa juu hivihivi."

Tukanywa chai ya tangawizi. Saa ilipotimia alimwita utingo, siyo dereva, akampa ufunguo. Stata haikumaliza hata mzunguko wa pili.