Jukwaa Moja, Mikataba Mitatu

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika Kiswahili cha biashara miaka ya karibuni, hapana iliyotumiwa kwa wingi na kwa uzembe kama *jukwaa*. Mtu anayetaka kufungua duka dogo la kuuzia vitenge au viungo kwa njia ya intaneti huambiwa, katika miongozo na matangazo yaliyofasiriwa, kwamba kazi yake ya kwanza ni "kuchagua jukwaa". Kisha hutajiwa kwa mfululizo majina kama Jumia, Shopify na WooCommerce, kana kwamba ni aina tatu za sabuni. Twaona kwamba neno hili limeshindwa kazi ya msingi ya istilahi, nayo ni kutenganisha dhana. Na hasara ya kushindwa huko haimpati mfasiri, humpata mwenye duka.

Jukwaani mtu hupanda ili aonekane, akasema au akacheza, kisha akashuka. Hapana ahifadhiye mali yake huko, wala alipaye kodi ya mwezi, wala aulizaye kiwanja ni cha nani. Lakini hayo hasa ndiyo maswali ambayo mwenye duka hana budi kuyauliza.

Jumia, iliyoanzishwa Nigeria mwaka 2012, ni soko. Mwenye soko huleta wateja, huweka masharti na hukata ujira wake. Muuzaji ana kizimba tu. Novemba 2019 Jumia ilipofunga shughuli zake nchini Tanzania, muuzaji ambaye hakuwa na pahali pengine alibaki na bidhaa bila mlango wa kuuzia. Mwenye kizimba hujua tangu mwanzo kwamba soko laweza kufungwa. Aliyeambiwa kwamba amepata "jukwaa lake" hakupewa neno la kumtahadharisha.

Shopify ni jambo jingine kabisa. Waanzilishi wake, huko Kanada, walifungua mwaka 2004 duka la mbao za kutelezea juu ya theluji. Hawakuridhika na programu zilizokuwapo, wakaandika yao, na mwaka 2006 wakaanza kuipangisha kwa wengine. Hapa duka hubeba jina la mwenyewe, ila jengo ni la kampuni, ambayo hutunza paa na kulinda mlango kwa malipo ya kila mwezi. Asiyetumia huduma ya malipo ya kampuni hiyo, akapitishia mauzo yake kwa wakala mwingine, hukatwa asilimia ya ziada; nalo si jambo dogo kwa yule ambaye wateja wake wamezoea kulipa kwa simu. Akihama, aweza kuchukua orodha ya bidhaa na ya wateja, lakini sura ya duka haifanyi kazi penginepo. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaujua mkataba huu na anao jina lake: ni *fremu*.

WooCommerce, iliyotolewa mwaka 2011 na kununuliwa na kampuni ya Automattic mwaka 2015, ni programu huria inayopachikwa katika WordPress. Haitozi kodi. Lakini mwenye duka hujitafutia kiwanja, yaani nafasi katika seva, pamoja na jina la kikoa, ulinzi na nakala za akiba. Paa likivuja ni lake. Aweza kuyahamisha yote apendavyo. Miongozo huliita hili "jukwaa la bure", na hapo kosa huwa la pili juu ya la kwanza. *Huria* hueleza haki ya kutumia, kuchunguza, kubadili na kugawa programu. *Bure* hueleza bei. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikwisha tuzoesha programu huria kwa Kiswahili, hivyo hapana udhuru wa kuyachanganya maneno hayo leo.

Tunapendekeza basi *kizimba cha sokoni*, *duka la kupanga* na *duka la kujijengea*. Na pale panapohitajika jina la jumla, *programu ya duka* yatosha. Jukwaa liachiwe mijadala. Wako watakaosema kwamba kizimba ni neno la mtaani lisilofaa waraka wa serikali. Tunawauliza ni waraka gani wa masoko ya manispaa usiokuwa na vizimba.

Kasoro nyingine ya jamii hiyo ni *mwenyeji*, litumikalo kwa kampuni inayohifadhi tovuti. Mwenyeji kwetu humkaribisha mgeni na kumlisha. Huyu hudai kodi na asipolipwa hufunga mlango. Kiswahili humwita *mwenye nyumba*. Kuhusu *toroli* na *mkokoteni* kwa pahali pa kukusanyia vitu kabla ya kulipa, hatuna haja ya kusema mengi: watu huenda sokoni na kikapu.

Limebaki suala la wale wengi wanaouza kwa picha za Instagram na ujumbe wa WhatsApp, bila kizimba wala fremu. Baadhi ya wafasiri wameanza kuziita kurasa hizo nazo "majukwaa ya biashara". Mtu huyo anatembeza bidhaa mahali ambapo watu wamekusanyika kwa shughuli nyingine, naye aweza kuondolewa wakati wowote. Ni machinga, na jina hilo lipo tayari.