Lugha Mbili Katika Darasa Moja

Mjini Berlin, tangu mwaka 1992, zimekuwapo shule za serikali ziitwazo Staatliche Europa-Schule, ambamo watoto hufundishwa kwa Kijerumani pamoja na lugha nyingine. Kirusi kilikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo. Kusudi ni kwamba nusu ya darasa wawe wenye Kijerumani, na nusu wenye Kirusi. Kila mtoto huanza kusoma kwa lugha yake, ndipo ajifunze herufi za mwenzake. Naye hushangaa kuona umbo la P husomwa R katika Kirusi.

Tunausifu mpango huu kwa jambo moja kubwa: Kirusi si somo tu, bali biolojia, jiografia na historia hufundishwa kwacho. Hata hivyo, kasoro yake hatuwezi kuinyamazia. Hisabati imeachiwa Kijerumani. Lugha isiyohesabu darasani, hata ikisimulia vizuri namna gani, yaelekea mtoto ataiona kuwa ya nyumbani tu. Usawa wa saa katika ratiba haujawa usawa wa heshima.

Sisi walimu wa Kiswahili, tuliokwisha sikia mara nyingi kwamba lugha yetu haifai kwa sayansi, twaijua fika kasoro hiyo. Mtoto huipima lugha kwa kazi aionayo ikifanya.